Kuhariri utenzi si kunakili

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kazi za karibuni za wahadhiri wa idara za Kiswahili yamevipa vitabu vya nadharia aya nzima nzima. Hariri za tenzi za kale mmezimaliza kwa sentensi moja, kwamba zimehamishwa kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kilatini. Maneno hayo yanawapunja watu waliofanya utafiti mgumu kuliko wote katika idara hizo.

Chukueni herufi ba. Katika miswada mingi ya pwani herufi hiyo moja hubeba b, p na mb. Irabu nazo ni alama tatu, fataha, kasra na dhumma, kwa sauti tano: kasra ni i au e, dhumma ni u au o. Basi ba na ta, zote zikiwa na fataha, huweza kuwa pata, bata au mbata. Kuhesabu mizani hakusaidii hapo, kwa kuwa maneno yote matatu yana silabi mbili. Kinachoamua ni maana ya kipande na jinsi mnakili yuleyule alivyoandika maneno mengine yasiyo na shaka. Kwa hiyo mhariri huanza kwa kujifunza mkono wa mnakili, ukurasa baada ya ukurasa, kabla hajaandika neno hata moja kwa Kilatini.

Mahali pengine mizani ndiyo hakimu. Utenzi una vipande vinne kwa ubeti, mizani nane kwa kipande. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachopita utenzi mzima. Mshairi Mwana Kupona, katika utenzi wa kumuusia binti yake, anaanza: "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati, upulike wasiati, asa ukazingatia." Asiye mzoefu huhesabu binti kuwa silabi mbili, akaona mizani saba, akachomeka kineno cha kuziba pengo ambalo halipo. N ya binti ni silabi peke yake. Mwingine huona upulike ni neno gumu, akaweka usikilize: mizani imekuwa tisa na Kiamu, lahaja ya Lamu, kimefutwa. Na katika mswada usio na alama za ziada za kutenga p na b, au e na i, neno upulike limeandikwa kama ubuliki, hivyo asiyejua Kiamu hata kulisoma hawezi. Hatari ni ileile kwa mato kugeuzwa macho au nti kugeuzwa nchi. Neno likiwa mwishoni mwa kipande, kina huvunjika, na msomaji humlaumu mshairi.

Kuna suala la nakala. Tatu zinazokubaliana si lazima ziwe mashahidi watatu. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliwanakilia watafiti wa Ulaya tenzi nyingi, na nakala mbili za mkono mmoja huweza kurudia kosa moja. Mhariri mwangalifu hulinganisha nakala kipande kwa kipande kwenye jedwali, kila nakala na herufi yake ya utambulisho, kisha hutazama makosa zinazoshirikiana. Makosa ndiyo huonyesha ipi ilitoka kwa ipi. Usomaji sahihi hauonyeshi undugu wowote.

Hata tarehe hudai uangalifu. Utendi wa Mwana Kupona ni wa 1275 Hijria, na vitabu vingi huandika 1858. Mwaka huo ulianza Agosti 1858 ukaisha Julai 1859. Kama mwezi haukutajwa, huandikwa 1858/59.

Picha za miswada zina masharti yake: ukurasa mzima pamoja na pambizo, maana huko ndiko wenye mswada waliandika masahihisho na majina; rula kando ya karatasi; mwanga wa ubavuni pale wino ulipofifia. Kurasa tupu nazo hupigwa, la sivyo mtu wa baadaye hatajua kama karatasi imepotea.

Miswada ya kufanyia kazi hii ipo. Ile ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliorodheshwa na mtafiti J. W. T. Allen tangu 1970. Kinachopungua ni muda, na kamati za kupandisha vyeo huuminya zaidi zinapoupa uhariri wa miaka mingi alama chache kuliko makala mawili ya jarida.

Mtakapoandika tena juu ya kazi hizi, waulizeni wahadhiri nakala ngapi zililinganishwa, picha zimehifadhiwa wapi, na kama tofauti za nakala zimechapwa chini ya ukurasa. Zisipochapwa, mzee wa Lamu anayeujua ubeti kwa moyo hana pa kuonyesha mahali mhariri alipokosea.

Walimu wa fasihi ya Kiswahili