Zebaki iliyolala kwenye marudio nayo izungumzwe

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie suala la zebaki huku Chunya. Kila semina tunaambiwa mchimbaji mdogo aache kunasa dhahabu kwa zebaki, na kweli aache. Ila ile ambayo tayari imelala kwenye marudio, vilima vya mchanga vilivyobaki mialoni kuanzia Makongolosi hadi Matundasi, haina msemaji. Mchanga huo ndio sisi wachenjuaji tunaununua na kuujaza kwenye matenki ya sianidi, maana zebaki huacha dhahabu nyingi nyuma.

Sianidi haichagui. Inayeyusha dhahabu, fedha, shaba na zebaki yenyewe, na sehemu kubwa inakwenda kunasa kwenye kaboni, yaani chembe za mkaa tunazoweka kukusanya dhahabu. Ukifika iliusheni, hatua ya kuiachisha dhahabu kutoka kwenye kaboni na kuinasa kwa umeme kwenye stiliwaya, stiliwaya hizo zinatoka kwenye seli zikiwa na weupe ambao mzoefu anajua si wa fedha peke yake. Anayezichoma bila retoti, chombo kilichofungwa cha kunasa mvuke wa zebaki, mara nyingi kijana wa kibarua, anavuta mvuke usioonekana wala kunuka. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika 2017 na ambao nchi yetu imeuridhia, unataka ikomeshwe tabia ya kutia sianidi kwenye mchanga wenye zebaki bila kuitoa zebaki kwanza. Huku kwetu anayeitoa kwanza sijamwona.

Ndiyo maana nimevutiwa na mikrokapsuli za polima, punje ndogo za plastiki zenye dawa ya kunasa metali ndani yake. Ziko tofauti na njia ya mafuta. Jirani zetu wa Nchanga, Zambia, walianza 1974 kutoa shaba kwenye marudio kwa kuchanganya maji yenye metali na dawa iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Dawa inashika shaba, mafuta yanaelea juu, yanatengwa, kisha shaba inaachishwa kwa asidi. Njia hiyo inataka matenki makubwa na mafuta mengi, na moto ukishika ni balaa: Olympic Dam, Australia, kitengo cha namna hiyo kiliungua 1999, kikaungua tena 2001. Kwenye mikrokapsuli, dawa inafungiwa ndani ya punje za polima zenye vitundu, kwa mfano polistairini, ndogo kuliko punje ya ulezi. Unazijaza kwenye bomba, unapitisha maji, metali inanasa. Ukipitisha dawa ya kuachisha unakinga metali yako, na punje zinarudi kazini. Hakuna mafuta ya kuchanganya wala kusubiri yajitenge.

Sasa, wenzangu wasikimbilie kuagiza. Kinachochagua metali ni dawa iliyomo ndani, na dawa nyingi zinazosifiwa kwa shaba hufanya kazi kwenye maji yenye asidi, wakati maji ya sianidi tunayaweka pH 10 na zaidi kwa chokaa, yaani mbali kabisa na asidi. Ukiyatia asidi unazalisha gesi ya kuua watu. Dawa zenye salfa hupenda sana zebaki, lakini sianidi nayo huing'ang'ania, kwa hiyo punje iliyofanya vizuri kwenye maji safi ya maabara inaweza kugoma kwenye ya kwetu. Kuna pia tope la udongo mwekundu, ambalo litaziba bomba mapema kama hakuna chujio. Na punje zikitumika mara nyingi, dawa huvuja kidogo kidogo.

Maswali hayo yanajibika hapa hapa mkoani. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko mjini, si mbali na matenki yetu. Naomba chuo hicho na Tume ya Madini waweke bomba moja la majaribio kwenye tenki linalofanya kazi, wapime zebaki na shaba kabla na baada, na majibu wayabandike kwenye soko la madini Chunya kila mmoja ayasome, yawe mazuri au mabaya. Watangulie na zebaki. Habari ya kutenga shaba ili bei ya dhahabu yetu isikatwe inaweza kusubiri, ingawa najua wenzangu wataiulizia hiyo kwanza.

Tenki na maji nitatoa mimi. Wao waje na punje na vipimo.

Mchenjuaji wa marudio,
Makongolosi, Chunya