Kugusa Si Kucheza: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama na wageni waalikwa, salaam.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na majina ya washindi yamebandikwa mlangoni, kwa hiyo hayo sitayarudia. Chama chetu cha bao, drafti na karata kipo hai. Ada zinalipwa kwa kusukumana kama kawaida, na watu wa bao bado wanawadharau watu wa drafti. Taarifa yangu naitumia zaidi kwa jambo lililotukalisha vikaoni mwaka mzima, nalo ni namna ya kucheza pamoja na wenzetu wenye ulemavu, na namna ya kila mmoja wetu kuukubali mwili wake ulipofikia.

Tulianza na mahali. Jiji letu la Mwanza ni la miamba, na baraza letu la zamani lilikuwa mlimani, njia yake ngazi za mawe zisizolingana. Mwenzetu anayetumia kitimwendo alikuwa anapandishwa mgongoni. Wapo waliosema kubebana ndio undugu wenyewe. Yeye akajibu kikaoni kwamba undugu huo unamfanya aondoke saa wanayotaka wabebaji, na akibanwa na haja lazima atangazie baraza zima. Mjadala ukaishia hapo. Sasa tuko Kirumba, mahali tambarare. Harufu ya dagaa kutoka soko la Mwaloni inatufikia, ila mlango ni mpana, na bao tumelitoa chini tukaliweka juu ya meza ambayo magoti ya aliyeketi kwenye kitimwendo yanapita.

Vifaa havikutugharimu sana. Vizibo vya soda tunavyochezea drafti tayari vinatambulika kwa vidole: upande mmoja wanavilaza chali, meno juu, wengine wanavifudikiza, na kingi ni vizibo viwili vilivyopandana. Shida ilikuwa kwamba ukivipapasa vinahama. Fundi seremala akachimba vishimo vifupi kwenye miraba inayochezewa tu, yaani 32 kati ya 64, na kizibo sasa kinatulia. Ubao huo umependwa hata na wenye macho mazima, hasa upepo wa ziwani ukivuma jioni.

Bao ndilo lililotugawa. Mashimo 32 na kete 64. Ungedhani mchezo huu uliumbwa kwa ajili ya asiyeona. Lakini desturi yetu ni kwamba aliyeshika ameshika, yaani ukigusa kete lazima uicheze, na asiyeona asiposhika hajui kilichomo. Tukaazima utaratibu wa sataranji. FIDE, shirikisho la dunia, linaruhusu asiyeona awe na ubao wake wenye matundu, miraba myeusi imeinuliwa kidogo, na kete yake inahesabiwa imeguswa pale tu inapong'olewa tunduni. Nasi tukaandika kwamba asiyeona apapase mashimo yote, yake na ya mpinzani, na mchezo wake uhesabiwe pale anapozitoa kete shimoni. Kugusa si kucheza.

Wenye macho walilalamika. Walisema mwenzao anazihesabu kete hadi ya mwisho wakati wao wanakisia. Ni kweli anazihesabu. Ila jicho linaona ubao mzima kwa mara moja, kidole kinakwenda shimo kwa shimo, tena kwa kichwa kinachokumbuka lile la kwanza kilipofika la mwisho. Atakayeona hiyo ni faida, kitambaa cha kufunga macho kipo kabatini, akiombe kwa katibu. Mpaka leo hakijaombwa.

Kwa mwanachama wa mkono mmoja, zile kete 22 za kunamua, ambazo mchezaji huanza nazo mkononi akaziingiza ubaoni moja moja, sasa zinakaa kwenye kibakuli pembeni. Karata amewekewa kibao chenye mfereji cha kuzisimamisha. Karata za nukta nundu, maandishi ya kupapasa ya wasioona, bado zimetushinda: ukibonyeza nukta upande wa mbele, alama inatokea mgongoni, na mpinzani mjanja ataisoma. Mwenye wazo alilete.

Nisiwafiche pia kwamba mahitaji yenyewe yanagongana. Asiyeona anataka utulivu, maana anacheza kwa sikio pia, na baraza la bao bila kelele na kejeli za watazamaji halijawahi kuonekana. Mwenzetu mwenye ualbino anataka kivuli, kwa kuwa mng'ao wa ziwa unamuumiza macho. Kiziwi anayesoma midomo anataka mwanga wa kutosha usoni mwa anayezungumza. Tumeupanga ukumbi kwa saa na kwa pembe: saa ya kwanza ya jioni ni ya kimya, meza za ndani ni za kivuli, na za dirishani ni za wanaohitaji kuona nyuso. Utaratibu huu haujamridhisha mtu kikamilifu, nami sitarajii uturidhishe.

Sasa lile la kuwaachia. Kuna wanaomwachia mtu ashinde kwa kuwa ni mlemavu, halafu wanampigia makofi. Acheni. Huyo amelipa ada ili afungwe kihalali, akarudi nyumbani kapanga namna ya kulipiza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja burudani na michezo katika ibara ya 30. Unasema kushiriki kwa usawa na wengine. Huruma haimo.

Upande wa pili ni wetu sisi tunaojiita wazima. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni, safari ya kwenda kucheza Sengerema imekuwa nyepesi; hakuna tena kungoja kivuko juani. Hata hivyo, mama mmoja ambaye mwili wake huchoka upesi alisema hatakwenda, kwa sababu akienda hatainuka kesho yake. Akataniwa kwamba anakwepa kipigo. Mimi nilimwona ndiye aliyejipima vizuri kuliko msafara wote, maana wapo waliokwenda na migongo yao mibovu wakarudi wamelala kiti cha nyuma.

Mkono wangu wa kulia unatetemeka, nanyi mnaona. Nikisogeza kizibo nasogeza na cha jirani. Mwaka huu nimecheza kwa kuazima mkono: mimi nasema, kijana anasogeza. Kanuni tuliyoipitisha ni kwamba mkono wa kuazima unatii tu. Haukohoi, haukunji uso, hauulizi "una hakika?" Saa inasimama ninapomaliza kusema. Na mchezo wa pili ukiisha nakwenda nyumbani, hata kama nimefungwa, jambo ambalo mke wangu bado haliamini.

Yaliyobaki ni ya mkutano kuamua. Kwanza, mkalimani wa lugha ya alama kwa mikutano mikuu: kamati inaomba sehemu ya ada iende huko, na wanachama wote waanze kujifunza ishara za mezani. Pili, choo cha ukumbi kina kizingiti. Mwenye jengo amekubali kivunjwe tukilipa fundi sisi. Tatu, naomba mchague makamu atakayesimamia mashindano ya usiku, kwa kuwa saa hizo siziwezi tena. Majina yapelekwe kwa katibu kabla ya chai.