Mheshimiwa Waziri wa Afya, yangu haikuwa kaswende

Mheshimiwa, salamu kutoka Umoja. Nakuandikia juu ya karatasi moja tu ya maabara, ile ya VDRL, kipimo cha kaswende ambacho mama mjamzito hupimwa akienda kliniki, yangu ilirudi pozitivu nikiwa na mimba ya tatu baada ya mbili kutoka, na sista akaniambia mbele ya foleni yote nilete bwana tudungwe. Bwana alilala kwa sofa wiki mbili.

Tukadungwa. Mimba ikatoka tu, ya miezi minne, halafu mguu wa kushoto ukafura kama gogo, kumbe damu imeganda ndani. Daktari mmoja kijana wa wodi ndiye aliuliza, mama umepoteza ngapi? Akaagiza TPHA, kipimo cha kuthibitisha kaswende, ikarudi negativu.

Alinichorea nyuma ya faili. VDRL inatumia kadiolipini, mafuta ambayo zamani yalitolewa kwa moyo wa ng'ombe (ndio, ng'ombe!), sasa kuna watu kinga yao imekosana na mwili wenyewe, inatengeneza kingamwili zinazoshika mafuta kama hayo, basi kipimo kinaonyesha kaswende na hakuna kaswende. Na ni hizo hizo zinagandisha damu kwa mguu, kwa mapafu, kwa ubongo unapata stroku, hata kondo la nyuma linaharibika mtoto anakufa ndani. Unaitwa ugonjwa wa antifosfolipidi, APS.

Vipimo ni vitatu: lupasi antikoagulanti (jina la uongo, ati kizuia kuganda, kwa kichupa damu inachelewa kuganda, kwa mwili inaganda), antikadiolipini na anti-beta-2 glikoproteini. Na lazima virudiwe baada ya wiki 12, maana hata maambukizi ya kawaida yanaweza kupandisha hizo kingamwili kidogo kisha zikashuka. Yaani unalipa mara mbili.

Penisilini wampe mama siku hiyo hiyo, sikatai, kaswende inaua watoto. Lakini apimwe ya kuthibitisha kabla nyumba haijavunjika, na kama amekuwa akipoteza mimba apimwe hizo tatu hospitali ya serikali, SHA, bima ya afya ya serikali, ilipe.

Saa hii niko wiki ya 26. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nilitolewa kwa sababu inaweza kuumiza mtoto, niko kwa aspirini ndogo na sindano ya heparini ya kazi hiyo hiyo, najidunga tumboni mwenyewe. Kwa kitabu changu cha kliniki bado imeandikwa VDRL pozitivu kwa kalamu nyekundu, nimeomba waandike kando yake kwamba TPHA ilikataa, wakaniambia mpaka amri itoke juu. Sasa huko juu si ni kwako?