RISALA YA KAMATI YA SHULE NA WAZAZI KWA MGENI RASMI, MAHAFALI YA DARASA LA SABA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Ndugu Ofisa Elimu Kata,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Viongozi wetu wa dini, wazee, wazazi na walezi,
Wahitimu na wanafunzi wote,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wenyeji wa hapa, mwangaluka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha salama katika mji wetu huu mdogo wa reli, mkoani Tabora. Tunajua una majukumu mengi, na kukubali kwako mwaliko wetu kumetupa moyo. Jisikie uko nyumbani.

Shule yetu ni ya siku nyingi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mji huu ulikua kwa sababu gari moshi la mvuke lilihitaji mahali pa kunywesha injini maji. Pakawekwa tangi, pakawekwa bomba, wafanyakazi wakajenga, watoto wakahitaji darasa. Ndiyo asili yetu. Mengine ya historia wazee waliopo hapa watakusimulia wakati wa chakula.

Mafanikio ni makubwa na tunajivunia. Ufaulu umezidi kupaa, na mwanafunzi wetu mmoja alichaguliwa kujiunga na Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora, shule ile ile aliyosoma Baba wa Taifa. Tumekamilisha matundu mawili ya vyoo vya kisasa. Timu yetu ya rede imeitikisa kata nzima. Tuna mizinga ya nyuki inayosimamiwa na wanafunzi wenyewe, na asali yake utaionja leo. Wazazi wanachangia uji, na utoro umepungua sana tangu uji uanze.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima kubwa tunaomba sehemu yote iliyobaki ya risala hii tuitumie kwa jambo moja tu, nalo ni maji wanayokunywa watoto wetu.

Ukipita nyuma ya ofisi ya walimu utaona koki sita ukutani. Zinalishwa na bomba la chuma linalotoka upande wa stesheni, na hakuna fundi yeyote hapa mjini anayekumbuka lilifukiwa lini. Koki zenyewe ni za shaba, za zamani, na mbili zimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli zisivuje. Jumatatu asubuhi, baada ya maji kulala bombani tangu Ijumaa, koki ya mwisho ikifunguliwa hutoa maji yenye rangi ya chai ya strungi, kisha yanakuwa meupe. Watoto wamezoea kuyamwaga yale ya kwanza kwa sababu kutu wanaiona. Lakini bomba kuukuu halitoi kutu peke yake. Madini ya risasi yamo kwenye koki nyingi za shaba, kwenye viungio vilivyolehemiwa, hata kwenye lile tabaka la zinki linalofunika mabomba ya chuma. Yakishayeyuka ndani ya maji hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Mtoto hawezi kujua amwage au anywe.

Upande wa pili wa jengo lipo tangi la bati la kuvunia maji ya mvua. Kila masika linavuja, na kila masika fundi bati huja na jiko lake la mkaa na chuma chake cha kulehemu, akaziba kwa risasi. Ukilichungulia kwa ndani utaona mistari ya kijivu inayong'aa kwenye kila mshono, mingine juu ya mingine. Fundi alifanya kazi yake kama alivyofundishwa, wala hatumlaumu. Lakini maji ya mvua ni laini na yana uchachu kidogo, hivyo huila metali upesi kuliko maji magumu ya kisima. Nayo hukaa ndani ya tangi hilo wiki kwa wiki. Bomba likikauka, hayo ndiyo wanayokunywa watoto wa darasa la kwanza.

Risasi si jina geni upande huu wa nchi. Wapo wazee hapa waliokuwa wanaona mabehewa ya madini hayo yakija Kaliua kutoka migodi ya Mpanda katika miaka ya 1950, na ni kwa ajili ya migodi hiyo tawi lile la reli lilijengwa. Wakati ule ilihesabika kuwa mali tu. Leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake huifyonza mara nne hadi tano kuliko mwili wa mtu mzima, na akiwa na njaa au amepungukiwa madini ya chuma huifyonza zaidi. Ndiyo maana tunang'ang'ania uji wa asubuhi, na tunawaomba akina mama wasiache dagaa na maharage. Ikishaingia kwenye damu hufika kwenye ubongo, ikapunguza uwezo wa mtoto kujifunza na kutulia, na madhara hayo hayarudi nyuma. Nyingine huenda kukaa kwenye mifupa na meno kwa miaka mingi. Binti anayekunywa leo kwenye koki ile, siku atakapobeba mimba, sehemu ya risasi hiyo inaweza kutoka mifupani mwake na kumfikia mtoto aliye tumboni. Kwa watu wazima huleta shinikizo la damu na kuharibu figo.

Tunaomba tueleweke vizuri, Mheshimiwa. Hatusemi watoto wetu wana sumu mwilini. Tunasema hakuna mtu katika mkoa huu anayeweza kutuambia kama wanayo au hawana, kwa sababu maji haya hayajawahi kupimwa risasi na majibu yakaletwa. Mtoto mwenye risasi kwa kawaida haumwi akalazwa. Anakuwa mzito darasani, anasahau, anakasirika upesi, na sisi wazazi tunamchapa kwa uvivu.

Wazazi wengi hapa huchemsha maji, na tunawapongeza, kwani kuchemsha huua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo. Ila risasi haiondoki kwa moto. Maji yanapopungua kwa mvuke, yenyewe inabaki yote kwenye maji machache zaidi. Vidonge vya kutibu maji navyo haviigusi. Wapo wataalamu waliowahi kutujia na kisanduku cha vipimo, wakapima vimelea, klorini na tope, wakatutangazia kwamba maji ni salama. Tulipouliza habari ya risasi tukajibiwa kwamba kipimo hicho hakimo kwenye kisanduku. Jibu lile lilikuwa la kweli, kwa sababu risasi hupimwa maabara. Lakini neno "salama" lilikuwa limeshatamkwa mbele ya wazazi, na limetugharimu sana kulirekebisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hii si mara ya kwanza jambo hili kusomwa hapa. Katika mahafali ya mwaka juzi mgeni wetu wa siku ile alisema hili la maji aachiwe yeye, na akina mama wakapiga vigelegele. Mwaka jana mgeni mwingine alituma mtaalamu. Tulifurahi kumwona akijaza chupa, akizibandika karatasi, akiandika tarehe na kuondoka nazo. Mwenyekiti wa Kamati amefuatilia majibu hadi karani wa ofisi ile anamwita kwa jina. Tumeambiwa majibu yako njiani. Tumeambiwa mtaalamu amehamishwa. Mara ya mwisho tumeambiwa tuandike barua upya, na tumeandika, nakala yake tumeiambatisha kwenye risala hii. Hatukutajii majina kwa sababu hatukukualika uje kuhukumu wenzako. Tunakueleza ili ujue kwa nini baadhi ya wazazi waliokaa nyuma hawatapiga makofi haraka utakapotuahidi.

Tunaomba pia utuvumilie tutoe mfano wa mbali. Katika jimbo la Michigan, Marekani, upo mji unaoitwa Flint, uliokuwa na watu wapatao 100,000 wakati wa kisa hiki. Aprili 2014, ili kubana matumizi, viongozi waliacha maji yaliyokuwa yakitoka Detroit wakaanza kutumia maji ya Mto Flint. Maji ya mto yalikuwa yanakula mabomba kuliko yale ya awali, na dawa ya kuyazuia haikutiwa. Ule ukoko uliojijenga ndani ya mabomba ya zamani kwa miaka ukabanduka, na risasi ikaingia majumbani. Akina mama walibeba chupa za maji yenye rangi kwenda mikutanoni, wakaambiwa maji ni salama. Ilikuwa Septemba 2015 ndipo daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alipoonyesha hadharani kwamba risasi imeongezeka kwenye damu ya watoto wa mji ule, na mwezi uliofuata wakarudishiwa maji ya zamani. Ile ni nchi tajiri yenye maabara kila mahali, na bado ilichukua mwaka mmoja na nusu kusikilizwa.

Tumetoa mfano huo kwa sababu maji mapya yanakuja na kwetu. Maji ya Ziwa Victoria yameshafika Tabora mjini, Nzega na Igunga, na Mradi wa Miji 28 umelenga kuyapeleka Urambo, Kaliua na Sikonge. Tunaishukuru Serikali kwa dhati, na hatusemi kabisa kwamba maji ya ziwa ni mabaya. Wasiwasi wetu ni maji mapya kuunganishwa kwenye mabomba ya enzi za mvuke bila mtu yeyote kupima yanatoka vipi kwenye koki ya mwisho, pale mtoto anapoweka mdomo.

Kwa hiyo tunaomba, kwanza kabisa, maji ya koki zetu na ya tangi yapimwe risasi katika maabara yenye uwezo wa kupima metali nzito, iwe ya Wizara ya Maji au ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Yapimwe maji ya kwanza ya alfajiri, yaliyolala bombani angalau saa sita, na yapimwe tena baada ya koki kufunguliwa kwa muda, maana tofauti ya chupa hizo mbili ndiyo itakayoonyesha kama tatizo liko ndani ya mabomba yetu. Majibu yaje kwa maandishi na yasomwe kwenye mkutano wa wazazi, hata kama ni mabaya. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Tunataka kujua tuko juu yake au chini.

Ombi la pili ni kubadilishiwa bomba lile la chuma pamoja na koki zake kabla maji mapya hayajaunganishwa, na kupatiwa simtanki badala ya tangi la bati. Mtaro tutauchimba wenyewe. Wazazi wamegawana hatua za kuchimba kwa kila kitongoji na majembe yapo. Tunachokosa ni mabomba, koki zilizothibitishwa kuwa hazina risasi, na fundi mwenye cheti.

Wakati tunasubiri hatujakaa bure. Kila asubuhi wanafunzi wa zamu hufungua koki zote kwa dakika kadhaa kabla ya kengele, na maji hayo hutumika kudekia madarasa. Uji haupikwi tena kwa maji ya tangi. Akina mama wameombwa wasipikie vyakula vichachu kwenye sufuria za kusubu zinazotengenezwa kwa vyuma chakavu, maana nazo zinaweza kutoa risasi. Hayo ndiyo tunayoyaweza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumekuandalia zawadi ya asali ya mizinga ya shule, tunaomba uipokee. Pamoja nayo utakabidhiwa chupa mbili za maji, moja iliyojazwa leo alfajiri kabla ya koki yoyote kufunguliwa na nyingine baada ya maji kutiririka. Zimeandikwa. Tunajua maabara itapenda kuchukua sampuli zake yenyewe kwa utaratibu wake, na tutafurahi ikija. Hizi tunakupa ili ofisini kwako kiwepo kitu cha kulishikilia jambo hili. Mwisho wa risala, chini ya sahihi zetu, tumeacha mstari wa sahihi yako na wa tarehe tutakayopata majibu. Tunakuomba uujaze leo, hapa hapa, kabla ya kugawa vyeti.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Shule, wazazi, walimu na wanafunzi.