Bregman asimame besi ya tatu, lakini Devers aombwe, asiamriwe

Lowell, Februari 2025

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyedai katika toleo lililopita kwamba timu yetu ya besiboli, Boston Red Sox, imetupa pesa kumsajili Alex Bregman, kwa sababu nafasi ya mlinzi wa besi ya tatu tayari ina mwenyewe. Mwenyewe ni Rafael Devers, na tangu alipotamka hadharani kwenye kambi ya mazoezi ya Fort Myers, Florida, Februari 17, 2025, kwamba nafasi hiyo ni yake na hana mpango wa kuihama, sisi mashabiki wa Massachusetts hatuna mazungumzo mengine. Hapa Lowell watu wanatoka ibadani wakibishana juu ya Devers jinsi wanavyobishana juu ya Arsenal. Mimi nasema usajili ulikuwa sahihi na Bregman ndiye anayestahili kusimama pale. Ila aliyeharibu mambo ni uongozi, na ni uongozi unaopaswa kuyatengeneza.

Tukumbushane tulikotoka. Msimu wa 2024 timu ilishinda mechi 81 na kupoteza 81. Mchujo wa kuwania ubingwa haujaonekana Fenway Park, uwanja wetu, tangu 2021. Majira ya baridi ya mwishoni mwa 2023 tuliahidiwa makubwa, tukaambulia mrushaji Lucas Giolito, ambaye aliumia kiwiko kambini na hakurusha hata mpira mmoja wa ligi msimu mzima. Wakati huohuo mrushaji wetu Chris Sale alipelekwa Atlanta Braves, nasi tukapewa kijana Vaughn Grissom. Sale akashinda mechi 18 na kutwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora. Shabiki aliyepitia hayo ana haki ya kumtilia shaka kila anayesaini mikataba pale Boston.

Lakini safari hii Craig Breslow, mkuu wa shughuli za besiboli wa klabu, amefanya kazi. Desemba alimchukua mrushaji Garrett Crochet kutoka Chicago White Sox kwa kutoa chipukizi wanne, akiwemo Kyle Teel, mdakaji wa nyuma ya mpigaji. Wapo wanaomlilia Teel mpaka leo. Teel ni mchezaji mzuri, sibishi, na nadhani atafika mbali. Crochet lakini ana miaka 25, anarusha kwa mkono wa kushoto, na msimu uliopita aliwatoa wapigaji 209 kwa straiki, yaani wakishindwa kuupiga mpira ukaingia mchezoni, katika iningi (vipindi vya mchezo) 146, tena akiwa kwenye timu iliyopoteza mechi 121. Mrushaji wa aina hiyo hukai ukamsubiri akomae kwenye akademi yako. Akipatikana sokoni unalipa bei. Mrushaji Walker Buehler, aliyemaliza Fainali za Dunia mwezi Oktoba akiwa na Los Angeles Dodgers, amekuja kwa mwaka mmoja. Mrushaji Aroldis Chapman naye yupo, umri umeenda lakini mkono bado una moto.

Sasa Bregman. Ni dola milioni 120 kwa miaka mitatu, na kila msimu ukiisha ana ruhusa ya kuondoka. Hapo namkubalia msomaji mwenzangu: huenda tukawa naye mwaka mmoja tu. Hata hivyo, tazameni orodha yetu ya wapigaji. Devers anapiga kwa mkono wa kushoto. Jarren Duran, kushoto. Triston Casas, kushoto. Wilyer Abreu na Masataka Yoshida, vilevile. Tyler O'Neill, aliyetupigia homurani 31 (mipira ya kuvuka uzio) mwaka jana kwa mkono wa kulia, amekwenda Baltimore. Mpigaji wa kushoto hupata shida kwa mrushaji wa kushoto, kwa hiyo ilikuwa inatosha timu pinzani imwingize mrushaji mmoja wa mkono huo mwishoni mwa mechi, kisha watu wetu watatu wanafuatana kwenda benchi vichwa chini. Bregman anapiga kwa mkono wa kulia, hakurupukii mipira mibovu, na ana tabia ya kuinua mpira kuelekea kushoto. Huko kushoto, pale Fenway, ndiko uliko ule ukuta wa kijani wa futi 37, takriban futi 310 tu kutoka anaposimama mpigaji. Mpira ambao uwanja mwingine ungedakwa kwa raha, pale unagonga ukuta na mpigaji anafika besi ya pili. Akiwa mgeni na jezi ya Houston Astros, Bregman amecheza Fenway mechi 21 za msimu wa kawaida, na wastani wake wa kupiga ni .375, yaani mipigo mitatu iliyofaulu katika kila minane, na homurani saba. Kwa hiyo kwa upande wa kupiga tu, pesa hii ina kazi ya kufanya.

Ugomvi uko kwenye kudaka, yaani ulinzi wa uwanja. Besi ya tatu si mahali pa kumficha mtu. Mpigaji akigonga mpira wa chini kwa nguvu, mlinzi wa pale ana nusu ya pumzi kuusoma, kuinama, kuunasa, kunyanyuka na kuurusha kukatisha uwanja mzima hadi besi ya kwanza kabla mkimbiaji hajafika. Mguu ukikaa vibaya kidogo, mpira unamruka Casas aliyeko besi ya kwanza, na mkimbiaji anaendelea hadi besi ya pili. Tumeyaona hayo mara nyingi mno. Devers alifanya makosa 24 mwaka 2018, na ingawa amejitahidi tangu hapo, hajawahi kuwa mlinzi wa kutegemewa. Bregman ametoka kutwaa tuzo ya Glovu ya Dhahabu, ya mlinzi bora, kwa nafasi hiyohiyo. Isitoshe, Devers alimaliza msimu uliopita mabega yote mawili yakimsumbua. Akiwa mpigaji maalumu, yaani anapiga tu bila kuingia kudaka, mabega yale yanapumzika, na kinachotuletea ushindi kwa Devers ni lile gongo lake.

Kuna wanaopendekeza njia ya katikati: Devers abaki, Bregman aende besi ya pili. Naona hilo ni kosa mara mbili. Kwanza unamwondoa mlinzi bora mahali anapopajua. Pili unamzibia njia Kristian Campbell, kijana aliyepanda hadi Worcester, timu yetu ya ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu, ndani ya msimu mmoja na anayeweza kucheza besi ya pili mwaka huu huu. Nyuma yake wako chipukizi wengine, Marcelo Mayer na Roman Anthony. Vijana hawa wapewe nafasi na wapewe muda. Wakazi wa hapa wanaokumbuka Lowell Spinners, ile timu ndogo ya kukuza vijana wa Red Sox, kando ya mto Merrimack, walimwona Mookie Betts mwaka 2012 akimaliza msimu bila homurani hata moja. Miaka sita baadaye alikuwa mchezaji bora wa ligi na bingwa wa dunia.

Na kwa kumtaja Betts, ndipo ninapofika kwenye kiini cha malalamiko yangu. Betts aliuzwa Dodgers Februari 2020. Mwenzake Xander Bogaerts akaachwa aende San Diego mwishoni mwa 2022. Kati ya mabingwa wa 2018, Devers peke yake ndiye aliyebaki, na Januari 2023 alikubali mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 313.5. Anasema wakati wa kusaini alihakikishiwa kwamba besi ya tatu ni yake. Viongozi wa wakati ule wamebadilika, Chaim Bloom aliyekuwa mkuu wa besiboli ameondoka na Breslow ameshika usukani, lakini klabu ni ileile na mmiliki ni yuleyule. Ahadi ya klabu haiondoki na mtu aliyeitamka.

Kwa hiyo wanaomwita Devers mchoyo na mwenye kiburi wanamwonea. Mtu wa Samaná, Jamhuri ya Dominika, aliyelelewa na timu hii tangu akiwa kijana mdogo, akakataa kuondoka wenzake walipoondoka, anastahili mkubwa wa klabu aende mwenyewe akakae naye. Amwambie waziwazi: tulikuahidi, hali imebadilika, tunakuomba. Sio mtu asikie habari za nafasi yake kwa waandishi, kisha meneja Alex Cora aulizwe kila asubuhi naye ajibu kwamba watapanga kikosi kinachofaa. Cora anamfahamu Bregman tangu walipokuwa pamoja Houston mwaka 2017, na jambo hilo linaongeza maneno ambayo kikao kimoja cha heshima kingeyamaliza.

Nina haraka kwa sababu nafasi ya mwaka huu ni ya kweli. Wapinzani wetu wamedhoofika: New York Yankees wamempoteza mpigaji Juan Soto, ingawa wamemchukua mrushaji Max Fried. Baltimore wamempoteza mrushaji Corbin Burnes. Tampa Bay watacheza nyumbani kwenye uwanja wa mazoezi wa Yankees, kwa kuwa kimbunga Milton kiliwang'olea paa Oktoba. Naiona Red Sox ikishinda mechi 87 au 88 na kuingia mchujo, mradi Crochet asiumie. Wasiwasi wangu mkubwa ni warushaji wa akiba, maana Kenley Jansen na Chris Martin wameondoka, na Chapman peke yake hawezi kufunga kila mechi.

Msimu unafunguliwa Machi 27 huko Texas. Uongozi una mwezi mmoja wa kwenda kwa Devers, na siku hiyo natarajia kumwona Bregman besi ya tatu, Devers akiwa wa pili katika zamu ya kupiga, na Campbell akianza besi ya pili.

Shabiki wa Red Sox,
Lowell, Massachusetts