Barua kwa binti yangu kuhusu raketi na kifundo cha mkono

Binti yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, na nakuarifu kuwa hapa Tanga sote tu wazima, na bibi yako anakuombea kila baada ya sala. Uliponieleza kwa simu juzi kwamba kifundo cha mkono wako wa kulia kinauma upande wa kidole cha mwisho, na kwamba asubuhi unashindwa hata kuzungusha ufunguo kwenye kufuli la bweni, nilikuwa na mengi ya kukuambia lakini sikuweza kuyapanga vizuri mdomoni. Nimeona heri niyaandike, uyasome taratibu, na uwe na karatasi ya kurejea utakapokuwa na raketi yako ya tenisi mkononi.

Kabla ya yote, pumzika. Hakuna raketi itakayotibu kano iliyokwisha kuvimba. Tunachoweza kufanya kwa raketi ni kupunguza kinachoiumiza. Ukiona kifundo kinavimba, kinalia unapokigeuza, vidole vinakufa ganzi, au maumivu yanakuamsha usiku, usisubiri barua wala ushauri wangu: nenda hospitali ukamwone daktari wa mifupa, nami nitatuma gharama siku hiyo hiyo. Upande huo wa kidole cha mwisho kuna kano na gegedu ndogo ambazo zikichanika huchukua muda mrefu kupona.

Sasa nije kwenye kosa ambalo ni langu. Ulipotoka huku pwani mwezi Januari ukaenda Arusha, ulihama pia kutoka kwenye hewa nzito ukaingia kwenye hewa nyepesi. Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko haiuzuii mpira kama inavyouzuia hewa ya Tanga, kiasi kwamba pigo lile lile ambalo hapa lilitua ndani ya mstari, huko linapita nje. Jambo hili linajulikana hata na wenye kanuni, kwa kuwa Shirikisho la Kimataifa la Tenisi linaruhusu mipira maalumu ya nyanda za juu katika viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Uliponiambia kuwa mipira inakukimbia, mimi ndiye niliyekushauri uongeze mkazo wa nyuzi kutoka paundi 50 za mvuto hadi 58, nawe ulinitii. Niliufikiria mpira, sikuufikiria mkono wako. Naomba unisamehe.

Nikueleze kwa nini ushauri ule ulikuwa mbaya, maana nimefunga nyuzi za raketi za watu kwa miaka mingi na nilipaswa kulikumbuka hili. Mpira wa tenisi una uzito wa gramu 56 hadi 59.4, na hukaa juu ya nyuzi kwa muda wa takribani sehemu tano tu za elfu za sekunde. Katika muda huo mfupi lazima usimame na kurudi ulikotoka. Nyuzi zinazonyumbuka hurefusha muda huo kidogo, na kishindo kinagawanyika. Nyuzi zilizokazwa mno hazirefushi chochote, na kishindo chote hupita kwenye fremu hadi kwenye mpini, na kutoka kwenye mpini hadi kwenye kifundo chako. Isitoshe, nyuzi zako ni za poliesta, ambazo ni ngumu kwa asili yake, na hupoteza mnyumbuko wake mapema hata kama hazijakatika. Zile ulizonazo zimekaa tangu Januari. Ukizitazama utaona ni nzima, lakini zimekufa, na mchezaji mwenye nyuzi zilizokufa hujikuta anaongeza nguvu ya mkono ili mpira ufike, pasipo kujua kuwa anafanya hivyo.

Kwa hiyo zikate zote. Anza katikati ya raketi ukielekea nje, ukikata za wima na za mlalo kwa zamu, ili fremu isivutwe upande mmoja ikapinda. Kisha mwombe fundi wa huko akufungie uzi laini, ule uliosukwa kwa nyuzinyuzi nyingi nyembamba, kwa paundi 50, na ikiwa baada ya wiki mbili za mchezo mkono bado unalalamika, mshuke hadi 47 au 48. Nyuzi za utumbo wa ng'ombe ndizo laini kuliko zote, lakini bei yake ni kubwa na haziupendi unyevu, nawe likizo unakuja pwani. Uzi laini utakatika mapema kuliko poliesta, hilo lijue tangu sasa, na gharama yake usiihofu. Mpira nao utaanza tena kukukimbia. Usiuzuie kwa kukaza nyuzi. Uzuie kwa kuupa mzunguko na kwa kufupisha mvuto wa mkono nyuma kabla ya pigo, na muulize kocha wako kama mipira mnayochezea ni ile ya nyanda za juu.

Jambo la pili ni mpini, na hapa nataka uwe makini sana, kwa sababu ndipo watu wengi hukosea bila kujua. Raketi yako ina mpini namba 1, ambao mzunguko wake ni kama milimita 105. Tuliinunua ukiwa na miaka kumi na mitatu. Sasa una kumi na saba na kiganja chako kimekua kuliko changu. Shika raketi kama unavyoishika kwa forihendi, lile pigo la upande wako wa kulia, kisha jaribu kupitisha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto katika nafasi iliyobaki kati ya ncha za vidole vyako na kiganja. Kidole kikiingia kwa kutosha, mpini ni wako. Kisipopata nafasi, mpini ni mwembamba. Mpini mwembamba huzunguka mkononi mpira unapogonga pembeni ya nyuzi, na ili usizunguke mchezaji huubana kwa nguvu tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho, na misuli inayobana ndiyo hiyo hiyo ambayo kano zake zinapita kwenye kifundo. Mpini mnene kupita kiasi nao unachosha, kwa hiyo tusiruke kutoka kosa moja hadi jingine.

Mkanda mmoja mwembamba wa kuzungushia mpini huongeza karibu milimita moja na nusu. Namba moja hadi nyingine ni kama milimita tatu. Zungushia mmoja, cheza nao wiki nzima, ndipo uamue kama unahitaji wa pili. Sipendi kuona mikanda mitatu juu ya mpini mmoja, kwa sababu mpini una pembe nane na vidole huzisoma pembe hizo ili vijue uso wa raketi umeelekea wapi. Zikifunikwa mno, mpini unakuwa kama mchi. Tena ubadilishe mkanda kila unapoanza kuteleza, kwa kuwa mkanda unaoteleza hukulazimisha kubana vile vile kama mpini mwembamba.

Kile kipande kidogo cha mpira laini ulichokipachika katikati ya nyuzi kibaki ukikipenda, lakini usikitegemee. Kinaondoa mlio tu, wala hakipunguzi kishindo kinachofika mkononi.

Kuhusu uzito, nimesikia wenzako wanakushauri ununue raketi nyepesi zaidi. Usikubali haraka. Raketi nyepesi sana husukumwa nyuma na mpira, na mara nyingi watengenezaji huweka uzito wake kichwani ili iwe na nguvu, jambo ambalo linakibebesha kifundo mzigo mbali na mkono. Yako ina gramu 285, na inatosha. Ninachotaka ni kuongeza gramu nane ndani ya mpini, chini ya mkanda, ili uzito urudi karibu na kiganja na raketi itulie. Wengine hutumia utepe wa madini ya risasi. Mimi nitaponda chubwi ya mshipi, yaani kile kizito cha risasi cha kuzamishia ndoana, iwe bapa kisha niifunike vizuri kwa plasta. Kazi hiyo niachie mimi, usiifanye bwenini, kwa sababu risasi ni sumu na haifai kushikwa ovyo.

Liko jambo moja ambalo si la raketi lakini haliachani nayo. Katika ile video uliyonitumia, nimeona kiganja chako kimeingia chini kabisa ya mpini unapopiga forihendi. Ushikaji huo unaupa mpira mzunguko mwingi, ila unakipinda kifundo na kuulemea upande ule ule unaokuuma. Mwombe kocha akurudishe kidogo kuelekea ubavuni mwa mpini, angalau kwa miezi hii. Najua unampenda Juan Martín del Potro, yule mchezaji tenisi wa Argentina. Alichukua ubingwa wa mashindano ya wazi ya Marekani (US Open) mwaka 2009 akiwa na miaka ishirini, na mwaka uliofuata akafanyiwa upasuaji wa kifundo cha kulia. Kisha cha kushoto kikapasuliwa mara tatu kati ya 2014 na 2015. Aliporejea alikuwa akiukata mpira kwa bekihendi, pigo la upande wa kushoto, ya mkono mmoja mara nyingi, ili kuuepusha mkono wa kushoto, na kwa mchezo huo akapata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Ikiwa mtu kama huyo alikubali kubadilisha pigo, wewe usione haya.

Usibadilishe yote kwa pamoja, kwani hatutajua kipi kimesaidia. Anza na nyuzi, wiki inayofuata mkanda, na kila jioni uandike katika daftari umecheza kwa muda gani na mkono uliumaje. Daftari hilo ndilo nitakaloliuliza nikipiga simu.

Raketi yako ya zamani nimeishusha kutoka juu ya kabati. Nimeifunga uzi laini kwa paundi 48 na nitaituma kwa basi la Jumamosi, ikiwa pamoja na mikanda sita na dawa ya kuchua ambayo mama yako amesisitiza niiweke. Hiyo ichezee wakati ile nyingine iko kwa fundi, na ukija likizo uje na ile nyingine ili niifungue mpini.

Wako,
Baba