Shangazi, wiki ya mwisho ya likizo mume wangu abaki nyumbani au apande mlima?

Shangazi shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Majengo hapa Moshi mjini, nauza ndizi na mboga soko la Mbuyuni. Mume wangu anafanya kazi mlimani. Alianza kama mgumu, yaani mbeba mizigo, akibeba mzigo wa mgeni wa kilo 20 juu ya begi lake mwenyewe, na sasa ni msaidizi wa muongozaji. Shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka 10, anaingia darasa la tano, na mwaka huu anaanza bweni. Watoto wa bweni wanatakiwa kuripoti Jumapili. Hiyo Jumapili ndiyo inayoninyima usingizi.

Kwa asiyeijua kazi ya mlimani naomba nieleze kidogo. Wageni wa Kilimanjaro huja kwa misimu. Kuanzia Desemba katikati hadi Februari mlima unajaa. Masika yakiingia Machi njia zinakuwa tope na ukungu, wageni wanapungua sana, na waume zetu wanakaa nyumbani kusubiri Juni. Kwa hiyo hela ya Januari na Februari ndiyo tunayoila mpaka mvua ziishe. Na msimu huo wa neema ndio huohuo wa likizo ndefu ya watoto. Unajua Krismasi ya huku ilivyo, mabasi ya kutoka Dar yanajaa, watu wanapanda nyumbani, mbuzi wanachinjwa, watoto wanajuana na binamu zao. Sisi tulikuwa Kibosho kwa mama mkwe na ndugu wote walikuwepo isipokuwa yeye. Usiku wa mkesha alikuwa kambi ya Barafu, anawaamsha wageni waanze safari ya kileleni. Aliposhuka akapita nyumbani kubadilisha nguo tukiwa bado kijijini, akapanda tena na kundi la Mwaka Mpya. Tumemwona kwa macho Ijumaa iliyopita.

Alirudi uso umeungua na midomo imepasuka, akalala karibu mchana mzima. Watoto walikuwa wanapita mlangoni kwa kunyata, hata yule mdogo ambaye siku zote hawezi kunyamaza.

Jana asubuhi mwanangu mkubwa akatoa beseni uani. Shule imetuandikia kwamba kila mtoto afike akijua kufua soksi na nguo zake ndogondogo, kwa hiyo alitaka kujifunza. Baba yake akavuta kigoda akakaa karibu. Akamwonyesha aanze na kola, apake sabuni ya mche pale penye mstari wa uchafu, asugue kitambaa kwa kitambaa, asitumie nguvu zote. Maji ya kusuuzia ya kwanza asiyamwage, yatafulia soksi. Akamweleza kwamba pale Barafu hakuna maji kabisa, wagumu huyabeba kutoka bonde la Karanga, ndiyo maana mtu wa mlimani hamwagi maji ovyo. Mtoto alisugua mpaka vidole vikakunjamana. Akaanika lile shati, akalivuta huku na huku linyooke, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama. Halafu akauliza, "Baba, Jumapili utavaa shati gani ukinipeleka?"

Baba yake hakujibu. Usiku wa kuamkia jana alikuwa amepigiwa simu na kampuni. Kuna kundi la njia ya Machame, siku saba, linaanza Alhamisi hii na kushuka Mweka Jumatano ya wiki ijayo. Msaidizi aliyepangwa ameugua, wamemtaka yeye, na wanataka jibu Jumanne.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu hela. Kwa safari alizofanya Desemba tumeweza. Tranka lipo na jina limeshaandikwa kwa rangi nyeupe, godoro lipo, ndoo, chandarua na shuka za bluu zipo, viatu vyeusi vya ngozi nilivipata soko la Memorial kwa bei nzuri. Sehemu ya ada wanayoitaka kabla ya kumpokea mtoto tunayo. Wale wawili wadogo wanasoma shule ya Serikali ambako hakuna ada, nao sare na madaftari vimepatikana. Kinachokosekana ni kile kinachofuata, yaani ada iliyobaki, ambayo inatakiwa Machi, na kodi na chakula cha masika. Kwa wageni wa siku saba, posho pamoja na tipu ni hela ambayo mimi na meza yangu ya ndizi hatuwezi kuifikia hata nikikesha sokoni. Ningekopa kwenye kikoba, lakini tulikivunja Desemba kama kila mwaka, tumegawana, na sasa hivi sanduku ni tupu.

Yeye anasema jambo ambalo siwezi kulipinga. Kampuni ikikupigia ukakataa katikati ya msimu, Februari wanaanza na mwingine. Nilimshauri ampendekeze rafiki yake kwa safari hii moja tu. Akaniambia rafiki akifanya vizuri ndiye atakayeitwa safari inayofuata. Najua ni kweli, nimeshaona ikiwatokea majirani.

Mama mkwe naye amesikia. Amenipigia simu kutoka Kibosho akiwa na hasira kabisa. "Mtoto hapelekwi ugenini na mjomba wakati baba yake yu hai." Anamsema kaka yangu wa Arusha, ambaye amejitolea kuja na gari lake kubeba tranka na godoro. Dada yangu yeye anasema nimekuwa mlaini, watoto husahau, wiki moja bweni atakuwa ameshapata marafiki na hatakumbuka nani alishuka naye kwenye gari.

Mimi siamini kwamba atasahau. Huyu mtoto si wa kulia wala kugoma, akiwa na wasiwasi anaacha kula. Tangu Ijumaa anabakiza ugali kwenye sahani na kusema ameshiba. Hajawahi kusema hataki bweni. Kitu pekee alichokiomba ni baba yake ampeleke, na alikiomba tangu Novemba, baada ya mtihani wa upimaji wa darasa la nne, tulipomwambia amepata nafasi. Baba yake alimwahidi.

Na hili la bweni lina historia kwetu. Mume wangu alianza kuulizia shule mtoto akiwa darasa la pili. Mwaka 2023 Serikali ilipopiga marufuku bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, mimi nilimshukuru Mungu kimyakimya. Yeye hakufurahi. Hoja yake ni kwamba hayupo nyumbani kusimamia masomo, na shule ile ina walimu wazuri wa hesabu na Kiingereza, anataka mwanawe awe na uchaguzi ambao yeye hakuwa nao. Nimekubali. Safari hii sibishani naye kuhusu shule, na ningeomba ushauri usiende huko.

Ila kuna jambo nimeliona kwa miaka yote niliyoishi naye. Yeye mwenyewe alikwenda sekondari peke yake, tranka kichwani, kwa miguu mpaka barabarani kusubiri gari, kwa sababu baba yake alikuwa kwenye kibarua cha kahawa na hakupewa ruhusa. Huwa anaisimulia kama hadithi ya ujasiri, watoto wanaipenda. Lakini anaisimulia kila Januari shule zikikaribia kufunguliwa, na kila mara anafika pale pale, kwamba alipogeuka hakuona mtu. Sijawahi kumwambia kwamba nimeligundua hilo.

Nimejaribu kutafuta njia ya katikati. Nilimpigia mlezi wa bweni kuuliza kama mtoto anaweza kuripoti Alhamisi ya wiki ijayo, baba yake akishashuka. Ni mama mpole, akasema inawezekana, ila watoto wapya wote wanapangiwa vitanda na kuonyeshwa mazingira Jumapili hiyohiyo, na anayechelewa huwa anahangaika zaidi kuzoea kwa sababu wenzake wameshajipanga wawili wawili. Nikaona ana haki. Kumpeleka mapema haiwezekani, mabweni yanafunguliwa Jumapili. Na mume wangu kuungana na kundi njiani haiwezekani pia, kazi inaanzia getini Machame, mizigo inapopimwa. Mambo mengine ya wiki hii tutayamaliza: Jumatano anawapeleka wote watatu chemchemi ya Chemka kuogelea kama alivyowaahidi, tutapitia Boma Ng'ombe, na kunyoa nywele ni kwa kinyozi wa hapa mtaani. Linalogombana na safari ni Jumapili peke yake. Lakini ndiyo siku iliyoombwa.

Nikisema ukweli wa moyo wangu, nataka abaki. Nataka yeye ndiye abebe lile godoro mpaka kitandani, amshike mkono mlezi wa bweni, amtazame mtoto machoni amwambie siku ya kutembelewa atakuja. Tutabana matumizi, nitaongeza masaa sokoni, nitauza hata yale mabati tuliyonunua ya jiko la nje. Lakini naogopa. Mwanaume anayelala kwenye baridi ile ili sisi tule, halafu anarudi mke anamwambia asiende, anaweza kusikia kwamba jasho lake halina thamani. Na Aprili ikifika mwenye nyumba anagonga, sitaki awe anajua ni mimi niliyesema baki.

Jana usiku watoto walipolala aliniuliza waziwazi, "Wewe unasemaje?" Hajawahi kuniuliza hivyo kuhusu safari. Siku zote hupokea simu, akapanga begi, akaniaga. Nikamwomba anipe mpaka Jumanne asubuhi.

Shangazi, naomba unisaidie kwa haya. Je, ni haki yangu kumwambia abaki, nikijua masika yanakuja na kikoba kiko tupu? Kama ni haki, niliseme vipi lisisikike kama lawama juu ya kazi yake? Na je, ile hadithi ya tranka niiguse au niiache? Kama utaona safari ni muhimu zaidi na aende, basi niambie nani amwambie mtoto, mimi au baba yake, na aambiwe lini, maana Jumatano tunakwenda Chemka na sitaki aogelee siku nzima akiamini kitu ambacho sisi tunajua hakipo.

Wasomaji wengine nao wachangie, hasa wake wa watu wa mlimani, wa Moshi, Marangu, Machame na Arusha. Ninyi mlishawapeleka watoto shule peke yenu. Waliwaambia nini walipokua?

Mama wa Watatu,
Majengo, Moshi